Pale Palipokuwa na Saa

Mimi ndiye niliyeipandisha ile saa ukutani,
Mabel wa zamu ya asubuhi akinishikia ngazi.
Tarakimu nyekundu: simu ngapi zinangoja,
umeongea sekunde ngapi, nani kachelewa.
Ilikuwa Julai, Montevideo mvua inapiga kimbavumbavu,
kampuni ya gesi ina wateja elfu sitini wanaotetemeka
na watu kumi na mmoja wa kuwapokelea simu.

Nilijiona msimamizi hodari.
Kapu la matufaha kila Jumatatu.
Bango: Tabasamu, mteja analisikia.
Nikaleta na mwalimu wa kupumua, Alhamisi, saa ya chakula;
tukafumba macho, tukavuta pumzi, tukaishusha,
supu zikipoa ndani ya vyombo vya plastiki,
Wilson akiichungulia saa kwa jicho moja.

Kikulacho ki nguoni mwako.
Chetu kilikuwa ukutani, na kiliwaka.

Yamandú hakupiga kelele.
Mteja alimtukana dakika tisa:
mama yake, lafudhi yake ya Tacuarembó.
Yeye akajibu, "Nakuelewa, bwana,"
mara kumi na nne. Nilizihesabu baadaye, kwenye rekodi.
Kisha akavua hedifoni, akakunja waya kwa adabu,
akaviweka kwenye droo pamoja na kalamu,
akaenda kusimama koridoni, uso ukutani,
dakika arobaini.

Saa ikamwandikia: HAYUPO.

Usiku mkewe, Nelly, akanipigia.
"Sikulaumu. Nataka kujua tu:
akipona, anarudi kwenye kiti kilekile?"
Sikuwa na jibu.
Nilikuwa na kapu la matufaha.

Basi nikaketi na kila mmoja wao, mlango umefungwa,
daftari limefungwa pia.
Mabel: "Kupumua najua tangu nizaliwe.
Nipe ratiba mwezi mmoja kabla,
nijue siku ya kumpeleka mama kliniki."
Wilson akasitasita. "Zile jumbe za saa nne usiku."
Za nani?
"Zako. Hata ukiandika *si haraka*,
tumbo halijui kusoma."

Nikapanda ghorofa ya tano kwa mkurugenzi.
Akauliza gharama. Nikamwekea mezani:
miaka miwili, tumefundisha watu kumi na tisa
kwa viti kumi na kimoja.
Hesabu hiyo aliielewa.
Ile ya Yamandú koridoni hakuielewa,
nami sikumngoja aielewe.

Siku hizi anayetukanwa huonya mara moja, kisha hukata,
na hakuna wa kumhoji.
Simu ikikuingia mifupani, unatoka uani
na kibuyu chako cha chai chungu, dakika kumi,
bila kuniomba ruhusa kama mtoto wa shule.
Wameongezwa wawili. Yupo mshauri, kampuni inamlipa,
na majina ya wanaokwenda kwake siyaoni.
Saa kumi na mbili jioni naifungia simu yangu droo,
mkono ukiniwasha kama wa aliyeacha sigara.

Sikudanganyi kwamba kumekuwa peponi.
Februari bei ilipanda, foleni ikarefuka,
nikajikuta stoo nimesimama
mbele ya ile saa, nikiipangusa vumbi.
Nikaifunika tena. Malalamiko yanakuja kwangu;
mshahara wangu mkubwa ni wa nini kingine?

Yamandú alirudi Septemba, nusu siku, barua tu, simu bado.
Niliwaomba wenzake wasipige makofi.
Mabel akamsogezea kibuyu, basi.
Akautazama ukuta: mstatili mweupe
rangi isipofifia, matundu matatu, msumari mmoja.
"Mtapaka rangi?"
Nikasema bado hatujaamua.

Akalivua koti lake, linachuruzika maji ya mvua,
akalitundika pale.