Figa la Nne

Kosa lake lilikuwa kilima kimoja tu.
Pale Uthiru, tukitoka mjini,
mama kando yangu, magunia mawili ya mbolea nyuma,
nikazima AC, nikashusha vioo,
nikakanyaga mafuta hadi sakafuni,
na lori la maziwa likatupita.
Likatupita polepole.
Utingo, kati ya mikebe mitupu, akiguguna muhindi,
akatupungia mkono
kama anayepisha msafara wa mazishi.
Mama hakusema neno. Alishika rozari.
Mimi nikaapa.

Grogan, chini ya mabati, Ndambuki akafungua boneti
akaguna kama daktari wa meno.
"Dada, hii ni pistoni tatu.
Ni mafiga matatu. Chungu kinakaa, sikatai,
lakini hapa hupiki ng'ombe mzima."
Akanionyesha nyingine, ya pistoni nne,
imetoka Japani na nailoni yake,
imelala juu ya tairi kama mgeni aliyechoshwa na meli.
Mia tisa tisini na sita iwe elfu moja mia nne tisini na sita.
"Farasi sabini wawe mia na tisa," akasema,
akijipangusa vidole kwa tambara chafu kuliko vidole.
Farasi gani? Mimi niwajuao ni punda
wa mikokoteni ya maji kule Kayole,
nao hawahesabiwi,
huchapwa tu.

Nilidhani ni kutoa na kutia.
Kumbe vikalio havilingani, vikachomelewa upya.
Otwori, kijana wake, akabana nyaya mdomoni,
za njano, za kijani, moja nyeusi isiyojulikana kwao,
kama fundi cherehani na pini zake.
Rejeta ikawa ndogo.
Ekseli zikawa fupi.
Kompyuta ya mgeni ikakataa katakata
kusalimiana na dashibodi ya mwenyeji.
Kila kipya kikaomba kipya mwenzake.
Mgeni njoo, mwenyeji apone, walisema;
zamu yangu ya chama ilimalizikia kwenye ekseli
na sikuona aliyepona.

Na ile ya zamani chini, juu ya katoni,
ikidondosha oili tone kwa tone.
Sikutaka kuitazama.
Ndiyo iliyonipeleka Pumwani saa tisa usiku,
uchungu umenishika, Jogoo Road tupu,
ikitetemeka kuliko mimi,
isizime.
Miaka tisa, isizime.
Nani aliwahi kuona jiko la mafiga manne?

Siku ya kumi na sita nikapewa ufunguo.
Jumamosi, mama kando, mbolea nyuma, AC ikivuma,
Kangemi ikabaki kwenye kioo.
Nikagusa tu. Nasema nikagusa,
na kilima kikalala kama mkeka.
Lori la saruji, nyuma. Prado ya mheshimiwa fulani, nyuma.
Nilicheka peke yangu kama mwizi.
Kisha mbele, ghafla, mbuzi watatu na mtoto,
nikakanyaga breki,
gari likaserereka, likaserereka,
likasimama mbuzi mmoja amegusana na bampa
akilishangaa.

Mtoto akafyonya, akaswaga mbuzi wake.
Mbolea ilikuwa imemwagika hadi kwenye viti.
Mama akafungua kiganja, rozari imeacha alama ya vitone.
"Kukimbia umeongeza," akasema.
"Na kusimama je?"

Jumatatu nikarudi Grogan kutafuta breki.
Pale kwenye katoni palibaki duara jeusi.
"Imechukuliwa na mzee wa Mwea,
itamvutia maji ya mpunga."
Nikakagua pedi za breki, nikazigeuza, nikauliza bei
niliyokuwa nimeshatajiwa.
"Iliwaka?"
Ndambuki hakuinua kichwa.
"Mara moja," akasema.
"Hata betri haikuwa imekazwa."