Chini ya Jukwaa

Wamenipa chumba cha ndoo na mifagio,
meza moja, taa moja, mashine ya kukazia nyuzi.
Michezo ni ya mataifa kumi na moja;
mimi ni wa mlango wa tatu, ukipita choo cha waamuzi.

Baba alitengeneza charango, kile kinanda kidogo cha nyuzi kumi.
Alinifunza kukaza kwa sikio:
uzi mlegevu hunung'unika,
uliozidi hulia kabla ya kuguswa,
uliotosha hunyamaza, unangoja.
Raketi angeicheka: kinanda kisicho na tumbo.

Wanamichezo hupita hapa wakiwa wamepotea njia.
Mnyanyua vyuma wa Paragwai aliniomba maji ya moto.
Waogeleaji wa pwani huketi kwenye ngazi
wakihesabu pumzi kama mtu aliyerudishiwa chenji pungufu.
La Paz iko mita elfu tatu na mia sita
juu ya bahari tusiyokuwa nayo.

Jumanne akaja Ivonne Zambrano, wa Manta, Ekwado.
Mpini wa raketi yake ulikuwa na weupe wa chumvi.
"Kilo ishirini na tatu," akasema, "kama nyumbani."

Hapa hewa ni nyepesi. Mpira uliozoea pwani hukosa adabu,
huvuka mstari, huenda kuamkia milima.
Hilo hata waokota mipira wanalijua.
Na fainali yake ni dhidi ya Wara Colquehuanca,
binti wa jirani yangu muuza balbu,
ambaye raketi yake ya kwanza niliifunga nyuzi
kwa deni ambalo hadi leo halijalipwa.

Nyamaza tu, nikajiambia. Kunyamaza si kusema uongo.
Uzi uliotosha hunyamaza.
Mdomo ukanitangulia:
"Ishirini na sita, mwanangu. La sivyo utacheza na mawingu."

Akanitazama kitambo, kama anayeinua noti kwenye mwanga.
Nilikuwa nimevaa koti la rangi za timu yetu.
"Haya," akasema. "Kaza."

Fainali sikuiona. Nusu ya mji ilikuwa kwenye riadha.
Niliisikia darini:
ya Wara, *pa*, kavu, naijua kama kikohozi cha nyumba ya pili;
ya mgeni, *po*, ina kishimo ndani yake,
kisha kufika seti ya pili haina kishimo tena.
*Pa. Po. Pa.*
Vumbi la chokaa likadondokea chai yangu.
Mwamuzi alihesabu kwa sauti ya karani wa posta:
thelathini, arobaini, sare,
faida, sare, faida, sare.
Ajabu, neno hilo. Mama aliuza viazi miaka arobaini,
faida hakuisikia ikitajwa mara nyingi hivyo.

Halafu *tning*.

Uzi. Wangu. Nilioufunga kwa mikono hii alfajiri.
Mpira mmoja baadaye, makofi:
yale ya ustaarabu, tunayompigia mgeni.
Wimbo wa taifa ukapigwa, haukuwa wetu.
Nilisimama hata hivyo,
peke yangu, katikati ya ndoo.

Wara aliingia bila kubisha.
Medali ya fedha ilikuwa mfukoni, inagongana na funguo.
Akalaza raketi mezani.
"Ulimwambia kuhusu kilo?"
"Nilimwambia."
Akachokoa nyuzi zilizobaki kwa ukucha, moja moja,
kama anayetafuta ile iliyosema.
Nje mtu alikuwa akikunja wavu.

"Alhamisi tunacheza wawili wawili," akasema.
"Nikazie."
"Ngapi?"
"Sikio ni lako."

Nikachukua mkasi.
Nilikata nyuzi kuukuu kuanzia katikati, kwenda nje,
ili fremu isipinde.