Kusudi la Safari

Kituo chetu cha mpakani, Las Liebres, huku juu Andes,
kina jiko moja la kuni, mihuri miwili, mbwa asiye na uraia,
na fomu ya kijani yenye maswali tisa.
Manane yanajibika.
La nne linasema: Kusudi la safari.
Limeachiwa nafasi ya vidole vitatu.

Miaka kumi na tisa nimegonga muhuri juu ya vidole vitatu hivyo.

Hilario Cayún, dereva wa lori, huandika "vitunguu".
Kila Jumanne, vitunguu.
Jumanne moja akaja na lori tupu, macho mekundu,
akaandika "vitunguu", akakata,
akaandika "sijui", akakata,
akarudisha vitunguu.
Nikagonga. Hakuna sheria inayosema lazima viwepo.

Bi Otilia Barrientos, wa miaka themanini na kitu
(hicho kitu hakitaji hata kwa serikali),
alikuwa anamrudishia dada yake sufuria
aliyoiazima mwaka wa tetemeko.
"Sufuria," aliandika, wino mzito.
Na chini yake, kwa herufi za kunong'ona:
"na kumwambia ugomvi haukuwa wa sufuria."

Kijana wa baiskeli, barafu ndevuni,
kutoka nchi isiyotamkika kinywani mkiwa na mkate,
aliandika "kujitafuta".
Nolberto, mwenzangu wa zamu, akamuuliza kwa adabu zote:
"Mara ya mwisho ulijiona wapi?"
Yule hakucheka. Alikaa kando ya jiko saa mbili
akiwaza, na kutumalizia mkate.
Kisha akasimama: "Kwenye kituo cha mafuta.
Na glavu zangu nimeziacha hukohuko."
Akageuza baiskeli.

Padri aliandika "Mungu anajua".
Nolberto akamrudishia fomu:
"Anajua, Padri, lakini hasaini."

Halafu Yanet, tumbo limemtangulia mlangoni.
Hospitali ya ng'ambo iko karibu kuliko yetu.
"Kwenda mmoja, kurudi wawili," aliandika,
akaomba kiti, akaomba maji, akaomba tuharakishe.
Siku ya tisa akarudi na furushi la sufi,
na furushi nalo likahitaji fomu yake.
Jina: Maitén. Kazi: hana.
Swali la nne, kalamu ya Nolberto ikasita hewani.
Nje upepo ulikuwa unang'oa mabati.
Akaandika: "Hakukusudia."
Mama mtu akacheka hadi akashika mshono.
Mimi muhuri niliugonga polepole,
mtoto asije akaamka akauliza.

Sasa nikuambie langu.
Mimi sijawahi kuvuka.
Ng'ambo ya mstari, kama mita mia tatu,
kuna bango linalotupa mgongo:
mbao, misumari yenye kutu, kiota cha mwaka juzi.
Husomwa na wanaorudi tu.
Hilario anaapa limeandikwa "Safari njema".
Bi Otilia: "Washa taa, punguza mwendo."
Padri alisema ni tangazo la matairi.
Yanet hakutazama, alikuwa anamtazama mwingine.
Miaka kumi na tisa nimewauliza,
na kila mmoja amerudi na bango lake.

Jana zamu yangu ya mwisho imekwisha.
Nimekabidhi mihuri, nimempa mbwa mfupa wa kuagia,
nikazunguka kaunta, nikasimama upande wa wageni.
Kumbe ubao wa kaunta upande huu umechakaa,
umelainishwa na viwiko vya watu wanaofikiri.
Nikachukua fomu ya kijani.
Jina, naam. Tarehe, naam. La nne.
Nikatafuna kalamu kama walivyoitafuna wao wote
(nikatambua meno ya Hilario),
nikaandika: "Kusoma bango."

Nolberto akaivuta karibu na taa.
Akaisoma yote, tangu juu, kana kwamba hanijui.
Muhuri ukainuka, ukabaki juu.
"La tano hujajaza," akasema.
"Utakaa kwa muda gani?"

Nikamtazama.
Mbwa, bila fomu, alikwisha kuvuka.