Samaki wa Tope la Bahi

Saa kumi na moja alfajiri, kabla umeme haujakatika,
nahesabu wazee.
Beseni la tisa: wazee sita.
Umri wao miezi minne.

Tuliwachota Bahi. Si wao, mayai yao,
kwenye tope lililokauka likapasuka kama kisigino,
mimi na Dakta Sechelela na ndoo mbili za rangi,
wachunga ng'ombe wakituuliza:
nyie, udongo wetu mnaupeleka wapi?
Tukaulowesha huku chuoni.
Siku ya pili, tope likafumbua macho.

Samaki hawa hawana muda.
Dimbwi lao ni la mvua moja:
Januari wanazaliwa, Februari wana wachumba,
Aprili mgongo unapinda.
Samaki mkunje angali mbichi, tulifundishwa.
Hakuna aliyetuambia
kwamba wengine hujikunja wenyewe, wangali majini.

Mtoto wao ni kioo.
Mlaze chini ya darubini, mtie rangi,
utaona uti wa mgongo umepangika kama punje za uwele sukeni,
na juu yake, taratibu,
vitone vyekundu vinatambaa.
Mimi nilivijua papo hapo: mchwa.
Kila seli inabandika mdomo mfupani,
inamwaga tindikali, inakula,
inaacha kishimo, inahama.

"Tuziue," nilimwambia Dakta.
Akavua miwani.
"Wewe si ulikulia kwenye tembe?"
Nilikulia kwenye tembe, Chikola.
Kila Oktoba baba alipanda paani na jembe
akikwangua udongo mkuukuu,
mama nyuma yake na udongo mbichi,
akiupigilia kwa viganja.
Baba asipokwangua, udongo mpya haushiki.
Mama asipofika, mvua inalala ndani.
"Basi mfupa ndio huo," alisema.
"Tatizo si baba yako kukwangua.
Tatizo ni mama yako kuchoka."

Hakujua amegusa wapi.

Mama alivunjika nyonga akiinama kumfungua mbuzi.
Watu wanasema alianguka akavunjika.
Mimi nilikuwepo, nilisikia.
Mfupa ulilia kwanza,
kama kijiti cha mtama,
ndipo akaanguka.
Kwenye picha ya hospitali
paja lake lilikuwa na weupe hafifu,
ganda la kibuyu lililosahauliwa juani.

Sasa anaishi nami Ng'ong'ona, chumba na sebule.
Jioni ananiuliza:
"Eti unalipwa kulisha vidagaa?"
"Ndiyo, mama."
"Na wanakaangwa lini?"

Beseni la tisa linapata dawa.
La kumi halipati.
Chakula ni kipimo kilekile, maji yaleyale,
na mimi nayafuta vioo yote mawili kwa kitambaa kimoja,
ila la kumi silitazami sana.
Leo, katika la tisa, kuna mmoja, mkia umechakaa,
anaogelea amenyooka kama rula.
Mmoja. Watano wamepinda.
Dakta anasema usiandike furaha, andika namba.
Nimeandika: moja.

Ijumaa mama alitaka kuja.
Tulipanda ngazi kwa nusu saa,
gongo, mguu, gongo, mguu,
mlinzi Chibago akitubebea kiti.
Nikamsogezea darubini, nikamfungia jicho moja kwa kiganja changu.
Alitazama muda mrefu hadi nikadhani amesinzia.

"Huyu mwekundu," akasema, "anakwangua."
"Ndiyo, mama."
"Anakwangua vizuri. Haruki mahali."
Akatazama tena.
"Na wa udongo yuko wapi?"

Dakta akanitazama, nikaitazama sakafu.
Yupo, mama.
Huyo bado hatujapata rangi ya kumtia.