Mazabodi ya Nkwimba

Alikuja nayo ndani ya beseni la dagaa,
kichwani, toka Kirumba mpaka Makoroboi.
"Haiwaki," akasema. Basi.
Hakuuliza bei.

Nikafungua. Harufu ikanitangulia:
mwalo mzima ulikuwa humo,
na wale wadudu wa ziwani wanaopanda kama moshi
wamefia kwenye feni, tabaka juu ya tabaka.
Nikapuliza, nikapiga chafya,
nikaanza na yule anayesingiziwa siku zote:
pawasaplai. Waya wa kijani kwa mweusi,
feni yake ikazunguka. Multimita ikasoma
kumi na mbili, tano, tatu nukta tatu.
Huyu hana kesi. Mwachieni.

Ramu nikazisugua meno kwa kifutio cha mwanangu,
nikarudisha moja, kisha ya pili, kisha soketi nyingine.
Hata ule mlio mmoja mfupi,
mashine inaposema nipo,
haukuja.
Nikavua diski, kadi, nyaya zote,
tukabaki na ubao, prosesa, na kimya.
Katika kazi hii kimya nacho ni jibu,
ila ni jibu la mtu anayejua, hataki kusema.

Nikauinamisha ubao kwenye mwanga wa dirisha.
Kando ya prosesa kapasita tatu zimevimba vichwa,
ya nne imepasuka, ute wa kahawia umekauka.
Na nyuma, chini ya soketi,
doa jeusi, upana wa ukucha.
"Ijumaa ya ile radi," nikamwambia.
"Ijumaa ya ile radi. Umeme ulikatika,
ukarudi umekasirika."

Kapasita ningebadili, ninazo kikopo kizima.
Doa sibadili. Shaba ikiungua kati ya matabaka
hakuna lehemu inayofika huko,
na fundi atakayekuahidi anataka kukuona tena.

Tukahesabu.
Mpya ipo Rwagasore, inang'aa ndani ya boksi,
lakini prosesa yako haiipokei, pini haziingiliani,
na ramu zako kwake ni meno ya mtu mwingine:
ukinunua ubao, utanunua na mwili.
Laki nne na ushee.
Nkwimba akalitazama beseni.
Ya mtumba anayo Lugata, kule Igoma,
kaing'oa kwenye mashine za kiwanda cha minofu kilichofungwa.
Soketi ileile, matundu ya skrubu yanalingana,
elfu sitini na tano,
garantii ni uso wa Lugata.

"Na majina?"
Kumbe ndilo lililomleta. Wanawake arobaini na mmoja:
nani kaweka hisa, nani kakopa,
nani kafiwa na bado anadaiwa.
Nikachukua diski nikamwekea kiganjani.
"Yamo humu. Ubao haujui mtu,
ubao ni njia tu."
Akaishika. Nilienda Igoma nikarudi,
bado kaishika.

Nikafunga ya Lugata, dawa ya prosesa
kiasi cha punje ya mchele,
nikabonyeza.
Mlio mmoja. Mfupi.
Na kabla ya chochote kioo kikaandika:
MIZANI YA PILI, ZAMU YA USIKU,
Januari mosi, mwaka ubao ulipoundwa,
maana betri ya saa ilishakufa.

"Hayo nayafuta," nikasema, "ni vitufe vitatu."
"Hao wa usiku," akauliza, "walipofungiwa, walilipwa?"
Sikujua. Lugata naye asingejua.
"Basi acha yaandike."

Nikatia betri mpya, nikairudisha saa kwenye leo,
saa nane na dakika kumi,
wingu limeshashuka juu ya mawe ya Capripoint.
"Likija toka ziwani," nikamwambia, "chomoa,
usisubiri ngurumo."
Alikuwa anazungusha ngata.
"Nisaidie kutwika," akasema.