Sekunde Nane

Kilivuka Ruzizi ndani ya kiberiti,
kati ya njiti, bila kulipa ushuru,
kidudu cheusi cha miguu minane.
Zihindula akakiweka mezani kwangu, Nyawera,
baina ya redio mbili zilizokufa na stabilizeta ya paroko,
akasema: Nshobole, hiki kina akili,
ila bado hakijaambiwa kitu.

Nikakisemesha.
Kimashi hakijui. Kifaransa hakijui,
hata kile cha shuleni, chenye fimbo.
Kiswahili hiki tunachouziana nacho sambaza
hakijui.
Kinajua kuna na hakuna, basi.
Moto upo, moto umekatika.
Nikafikiri: huyu kazaliwa Bukavu.

Mkalimani wake anaitwa kompaila.
Wewe unamwandikia kwa C, lugha ya mabano na mikato,
naye anakwenda kukinong'oneza kwa namna zao.
Wapo wakalimani wa kuuzwa, kwa dola
ambazo mimi ningelipia banda hili miezi minne.
Wangu alikuwa huria.
Watu nisiowajua walimjenga usiku, makwao,
wakaacha mlango wazi na unga mezani,
na karatasi: chukua, mpasue tumbo utazame,
ukimrekebisha, nawe usifunge mlango.
Karatasi ile niliisoma mara mbili.
Mjini kwetu kitu cha bure
kina mwenyewe nyuma ya pazia.

Nilimshusha kwa forfe ya usiku,
saa saba hadi saa kumi na moja,
simu dirishani, pale inaponasa mnara.
Betri ya kompyuta yangu ni pambo tu.
Asilimia themanini na saba: giza.
Mlima mzima ukaguna kwa koo moja.
Usiku wa pili, themanini na saba ikapita
na mimi sikupumua mpaka tisini.

Mistari kumi na moja niliandika.
Washa. Ngoja sekunde. Zima. Ngoja.
Rudia hadi mwisho wa dunia.
Akanijibu: kosa, mstari wa tisa.
Nikaupekua wa tisa kama mchele wa msibani,
punje kwa punje. Safi.
Nikauza soketi mbili, nikarudi. Safi.
Kumbe nukta-mkato imekosekana mwishoni mwa wa nane.
Wa tisa ndiye aliyelia,
wa nane ndiye aliyemkanyaga.
Nyumba nyingi nazijua hivyo.

Nikaiweka. Safari hii hakusema neno.
Nikadhani amenuna.
Zihindula akacheka hadi akashika meza:
huyu akiridhika, hunyamaza.

Nyaya nilizitoa kwenye redio moja ya marehemu.
Nikakilisha kidudu maneno yake,
taa ndogo nyekundu ikawaka,
nikangoja izime.
Haikuzima.
Nikatukana kwa Kimashi, polepole, tusi la bibi yangu,
mkono ukaenda kung'oa waya,
na kabla haujafika, ikazima.
Nikahesabu kwa sauti.
Moja, mbili, muuza mkate akapita na beseni lake, tano,
sita, saba, nane.
Ikawaka.

Nilimwambia mkalimani
moyo wa kidudu hupiga mara milioni nane kwa sekunde.
Kiwandani walikiagiza kipige milioni moja.
Yeye hakukosea. Nilimdanganya, akaniamini,
na sekunde moja yangu
ikawa nane zake.

Kusahihisha ni kufuta tarakimu, kuandika nyingine.
Sikuifuta jioni ile.

Paroko alikuja kuulizia stabilizeta yake,
akanikuta nimeinamia kinuru kisichozidi punje ya mtama.
Kesho, nikamwambia, bila kuinua kichwa.
Inafanya nini, hiyo?
Inangoja.
Akavuta bidoni tupu, akakaa,
na kanzu yake nyeupe ikagusa vumbi la risasi.
Sita, akasema.
Hapana, padre, nne bado.
Tukaanza upya.