Tundu la Sita

Yngve, nakuandikia kucha zikiwa bado na grisi,
saa kumi alfajiri, Finspång, theluji hadi magotini,
na kile kidirisha cha kioo kinene kinanitazama
kama jicho lisilo na kope.

Wajua kazi yetu ilivyo ndogo.
Hewa inaingia, gesi inaingia,
tunazipa milisekunde mbili zijuane.
Milisekunde mbili!
Mimi na Lennart tulikaa miaka tisa nyumba moja
na hatukuchanganyika.

Gesi inapozidi, moto huwa mkali,
huipika naitrojeni mpaka ikawa sumu.
Hewa inapozidi, moto hukonda, hukata roho.
Ndiyo maana ukachonga mapezi manane yaliyopinda,
hewa iingie ikizunguka, ijikunje, ijirudie,
iikamate gesi kiunoni
kabla hawajafika mlangoni pa moto.

Tukafanikiwa. Tukafanikiwa mno.
Mchanganyiko ukalainika kama maziwa,
moto ukawa samawati, mwembamba, hauna hata doa,
sehemu tisa za sumu kwa milioni,
Marit akapiga makofi,
kisha ukaanza kunguruma.
Mara mia na ishirini kwa sekunde.
Vijiko vikacheza kwenye visahani,
bolti moja ikajifungua yenyewe
ikabingirika mpaka kiatuni kwangu.
Moto uliosawazishwa kila upande hauna pa kuegemea;
ukiguswa kidogo, hutikisika wote pamoja.
Vitabu vilijua hilo.
Mimi nilikuwa nimevisoma tu.

Novemba ukaleta seti ya nne.
Nikaipima, tundu kwa tundu.
La sita lilikuwa pana, kwa unywele mmoja.
Sikusema kitu.
Ulitazama mkono wako wa kulia,
ule ambao tangu kiangazi haubebi kikombe bila kumwaga,
ukausweka mfukoni kama mtoto aliyeiba sukari.
Kesho yake kabati lako lilikuwa wazi,
aproni imekunjwa mara nne.
Nami seti nikaifunga utepe, kwa kalamu nyekundu:
MBOVU.

Jana usiku ile seti nzuri ilipasuka.
Rafuni ilibaki hiyo moja tu.
Nikasema potelea mbali, hata mbovu huwaka.
Nikawasha, nikaziba masikio, nikangoja ngurumo.

Nikangoja.

Nikazibua masikio.

Pale penye tundu la sita gesi ilizidi kidogo,
na ulimi mmoja wa moto, mnene kuliko wenziwe,
ukasimama pale usiyumbe,
ndimi nyingine zikaushikilia
kama kamba za hema zinavyoshikilia kigingi.
Zilitetemeka, ndiyo, lakini kila mmoja kwa wakati wake,
na mitetemo isiyopatana ikauana yenyewe.
Vijiko kimya.
Sehemu kumi na moja kwa milioni.
Mbili zaidi. Nazilipa.

Mkono wako ulitetemeka, moto ukaacha.
Sijui hilo linaandikwaje kwenye ripoti.
Niliandika "hitilafu", nikafuta.
Niliandika "bahati", nikafuta.
Nikaandika jina lako, nikaliacha
peke yake kwenye mstari.

Sasa mashine imezimwa, chuma kinalia kikipoa,
tak, tak, kama mtu anayehesabu akiba yake.
Ule utepe mwekundu nimeubandua,
umeacha gundi, nimeisugua kwa kidole gumba.

Chumba cha mwako kimetulia, Yngve.
Chumbani mwako je, huko ng'ambo ya mto,
taa bado inawaka usiku kucha?

Njoo Jumatatu.
Nataka seti ya tano, na sitaki uipime sana.
Nitaleta maandazi ya iliki,
yale ya mjane wa kituoni.
Kahawa nitakumiminia mwenyewe,
nusu kikombe.